Jinsi ya Kuvuta Pumzi Wodini Bila Kumwacha Mgonjwa

Vifaa kwanza. Tafuta mfereji unaotoa maji, sabuni, kiti chenye miguu yote minne, na mwenzako mmoja wa kushika wodi kwa dakika kumi. Ukikosa kiti, simama. Ukikosa maji, mpigie simu anayehusika hata kama ni saa nane usiku, maana hilo halitibiwi kwa pumzi. Ukimkosa mwenzako, ruka yote haya uende pale chini nilipowaandikia wakubwa, uwasomee kwa sauti.

Mkeka, mshumaa na muziki wa mawimbi waachie wenye nafasi. Mwongozo huu ni wa sista wa zamu ya usiku Bokoli, Misikhu, Kiminini au popote kati ya Bungoma na Kitale ambapo mtu mmoja anaweza kujikuta ameshika leba, wodi ya watoto na simu ya ambulensi kwa wakati mmoja. Ni wa klinishia ambaye kila mtu humwita daktari. Ni wa kijana wa maabara anayesoma slaidi za malaria mpaka macho yanawasha. Ni wa mama anayepiga deki damu wenzake wakishanawa na kuondoka, ambaye sijawahi kusikia ameitwa kwenye semina yoyote ya kupunguza mfadhaiko. Huyo nataka aitwe wa kwanza.

Mafunzo yenyewe ya kutuliza akili kwa pumzi yana asili nzuri. Mwaka 1979, katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani, Jon Kabat-Zinn aliwachukua wagonjwa wenye maumivu ambayo madaktari walikuwa wameshindwa kuyamaliza, akawafundisha kwa wiki nane kukaa, kufuata pumzi yao na kutazama kinachotokea mwilini bila kupigana nacho. Mbinu aliitoa kwa Wabudha, dini akaiacha nje ya mlango wa hospitali. Kwa hiyo anayesali asihofu. Na nchi hii ya Wabukusu ina jamaa wengi wa kanisa la Friends, lililofika Kaimosi mwaka 1902, ambalo waasisi wake Uingereza waliabudu kwa kukaa kimya pamoja. Kunyamaza si mzigo mpya ulioshushwa na ndege.

Tatizo ni kazi ya nyumbani. Kozi ile inataka kama dakika 45 za mazoezi kila siku. Mtu aliyetoka zamu asubuhi, mwenye watoto wa kupeleka shule na ng'ombe wa kukamua, dakika hizo hana. Asizitafute nyumbani. Azitafute mahali ambapo tayari analipwa kusimama, yaani kwenye sinki.

Shirika la Afya Duniani linataka mikono ioshwe kwa maji na sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, na limetaja nyakati tano za lazima: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kuguswa na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi hiyo kwa zamu moja. Kila mara ni darasa ambalo halihitaji mkufunzi. Fungua maji. Sikia ubaridi wake, hasa wakati wa alfajiri ya mwezi wa saba. Pumua ndani kwa kawaida, kisha toa pumzi polepole, ichukue muda mrefu kuliko ulipovuta. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mwendo wa moyo, na hilo utalihisi kifuani kabla hujamaliza vidole gumba. Akili itakimbilia karo, itakimbilia mgonjwa wa kitanda cha sita, itakimbilia maneno aliyokuambia metroni. Irudishe kwenye povu. Usiigombeze. Itakimbia tena, nawe utairudisha tena, na mazoezi yote ni hayo tu. Usifumbe macho. Wodi haina mahali pa kufumba macho, na mafunzo haya hayadai hivyo.

Sasa nenda mlangoni kwa leba. Umeitwa mara tatu, na ndani kuna mtu anapiga kelele. Kabla ya kusukuma mlango, weka uzito kwenye nyayo zote mbili na ujiambie kimoyomoyo hali yako ilivyo: nimekasirika, nina njaa, naogopa. Jitajie neno moja lisilo na maelezo. Hasira iliyotajwa jina huwa na adabu kidogo, lakini isiyotajwa huingia mlangoni kabla yako na kuanza kuongea na mgonjwa.

Hapa naomba msomaji asimame nami, kwa sababu kaunti ya Bungoma inajua bei ya hasira hiyo. Juni 2013 serikali ilitangaza kwamba kina mama watajifungua bure katika hospitali za umma. Lilikuwa jambo jema. Wanawake walikuja kwa wingi, lakini vitanda na wauguzi havikuongezeka kwa kasi ileile. Agosti mwaka huohuo, katika hospitali ya wilaya ya Bungoma, mama mmoja alikuta vitanda vya kujifungulia vimejaa, akapoteza fahamu na kujifungulia sakafuni kwenye korido. Alipozinduka alikuwa akifokewa na kupigwa na wauguzi. Mtu mwingine alirekodi video, nchi ikaona. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki zake zilivunjwa na ikaagiza alipwe shilingi milioni 2.5. Hukumu haikuishia kwa wauguzi. Serikali ya taifa na ya kaunti pia ziliambiwa hazikutenga rasilimali za kutosha wala kusimamia viwango vya huduma.

Nimeirudia kesi hiyo mara nyingi kichwani. Yule mama alistahili muuguzi ambaye angesimama mlangoni na kutoa pumzi kabla ya kufungua kinywa. Alistahili pia kitanda. Anayefundisha pumzi peke yake amesoma nusu ya hukumu, na anayedai kitanda peke yake naye amesoma nusu iliyobaki.

Zoezi la tatu ni gumu zaidi, na halifanywi na mtu mmoja. Mgonjwa akifa, hasa mtoto au mama mzazi, kaeni chini dakika kumi kabla zamu haijakabidhiwa. Mimineni chai. Kila mtu aseme alichokiona na kilichomuuma, bila kutafuta mkosaji. Kikao cha kuchunguza kifo kina siku yake na faili yake. Kwa Wabukusu msiba hukaliwa. Watu hulala nje kuzunguka moto, na mzee mwenye heshima akishazikwa hufanyika kumuse, ambapo msemaji husimama kuwasemesha walio hai. Kijijini hakuna anayetarajiwa kufiwa saa kumi na kurudi shambani saa kumi na dakika tano. Wodini sista hufunika maiti, hunawa, na kukigeukia kitanda kinachofuata akisema, "Haya, mama, tuone." Akifanya hivyo miaka kumi bila mtu kumketisha, msishangae akiacha kusema "mama".

Jamaa za mgonjwa nao wana sehemu yao, na ni fupi. Ingia na salamu, "Mulembe, sista," kabla ya swali. Chagueni msemaji mmoja kati yenu wanane. Dawa ikikosekana, muulizeni anayeagiza dawa. Sista hana stoo mfukoni. Na mfumo wa bima ya SHA ukigoma, yeye pia anaitazama skrini ileile mnayoitazama.

Sasa wakubwa. Mkurugenzi wa afya, waziri wa kaunti, gavana: mwongozo wenu unaanza kwa kulala kituoni usiku mmoja. Njooni na viatu vya kusimamia, mje bila msafara, mkae mpaka asubuhi. Baada ya hapo someni jambo hili. Januari 2024 mtafiti wa Oxford, William Fleming, alichapisha utafiti juu ya wafanyakazi zaidi ya 46,000 katika taasisi 233 za Uingereza. Waliopewa programu za simu, mafunzo ya utulivu na semina za ustahimilivu hawakuwa na hali bora kuliko wenzao ambao hawakupewa. Pumzi inamsaidia mtu, nimeona na naamini. Lakini mwajiri akiitoa mahali pa wafanyakazi wa kutosha, inaishia sinki. Shirika la Afya Duniani lenyewe, mwaka 2019, lilipoeleza uchovu wa kazi uliokithiri, liliuweka kama jambo linalotokana na mfadhaiko sugu wa kazini ambao haukusimamiwa vizuri. Kusimamia ni kazi ya msimamizi.

Na wahudumu wa Kenya hawajawahi kuficha wanachotaka. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016. Wauguzi wakagoma takriban miezi mitano mwaka 2017. Madaktari wakarudi barabarani siku 56 mwaka 2024. Mabango yao yalidai mikataba iheshimiwe, wafanyakazi waajiriwe na mishahara ilipwe.

Basi fanyeni hivi. Mafunzo yawe ndani ya saa za kazi, kituoni, si Jumamosi hotelini kwa mtu aliyekuwa na siku moja ya kupumzika. Kila anayeingia darasani awe na mtu wa kumshikia wodi, na jina la mtu huyo liandikwe kwenye ratiba. Ratiba ya zamu itoke mwezi mmoja mbele ili mtu ajue lini atalala. Mshahara uingie tarehe yake. Sijui zoezi la kutuliza akili linaloshinda hilo. Anayetoka zamu usiku apewe gari, asiachiwe boda boda ya bahati. Metroni naye aketi darasani pamoja na anaowasimamia, avute pumzi ileile.

Wiki nane zikiisha, kabla ya kugawa vyeti, chukueni ratiba ya usiku ya mwezi uliotangulia mafunzo na ya mwezi huu. Wekeni zote mbili mezani, mhesabu majina. Yakiwa idadi ileile, fungu la semina ya mwaka ujao liende kuajiri muuguzi, na wa kwanza kupewa zamu naye awe yule sista aliyekuwa peke yake.