Jinsi ya Kumtwisha Mangi Kazi Zote

Chukua duka la Mangi lolote hapa Sombetini, Arusha, lile lenye nondo dirishani na ndoo ya mafuta ya kupima, uligeuze kuwa klasi kwenye programu yako. Ndani kuna vitu viwili visivyoguswa na mgeni: droo ya hela na daftari la madeni.

Sasa jaza. Kuuza, kukopesha na kupokea malipo ni funksheni za ndani, hapo hakuna ubishi, kwa kuwa zinashika droo na daftari. Mwoga angeishia hapo. Wewe ongeza kuchapa risiti, kugeuza kilo kuwa gramu, kupima umbali wa Mbauda hadi Kilombero, na kuchagua kati ya shikamoo na mambo kulingana na umri wa mteja. Je, anayegeuza kilo kuwa gramu ana haja gani ya kuona deni la sukari la jirani? Hana. Mpe ufunguo hivyo hivyo, asijisikie mgeni.

Atatokea mjuaji akuambie kazi isiyohitaji siri ya duka ikae nje, iwe funksheni huru, ibishe hodi dirishani kama wateja wengine. Huyo kamsoma Scott Meyers, Mmarekani aliyeandika mwaka 2000 katika jarida la C/C++ Users Journal kwamba usiri wa klasi upimwe kwa idadi ya funksheni zitakazoharibika ukibadilisha ya ndani. Yaani Mangi akihamisha daftari kwenye simu, afundishe upya wenye ufunguo watatu, au arobaini? Chagua arobaini. Mafundi nao wana watoto wa kusomesha.

Wala hutakuwa wa kwanza. Wataalamu wa C++ Herb Sutter na Andrei Alexandrescu waliihesabu klasi ya maandishi ya lugha hiyo wakakuta funksheni za ndani 103. Kati ya hizo, 71 zingeweza kuishi nje bila kupunguza kasi.

Ule umbali ndio mtamu zaidi. Lazima uamue: Mbauda iulizwe iko mbali kiasi gani na Kilombero, au Kilombero iulizwe kuhusu Mbauda? Itisheni kikao. Msithubutu kuandika umbali(mbauda, kilombero) pasipo mwenyeji wala mgeni, ingawa vifodi huenda na kurudi kila siku bila kuuliza barabara ni mali ya kituo gani.

Wa Java hawana shida hii. Tangu 1995 lugha yao hairuhusu funksheni kuzurura bila klasi, ndiyo maana hata kipeuo cha pili kimepangishiwa kwenye Math, klasi isiyozaa obijekti hata moja. Wa Python ndio watovu wa adabu: len yao inakaa nje peupe, japo kichinichini inapiga simu ndani kuulizia urefu.

Siku ukifungua bucha Unga Limited, ukataka tu kugeuza kilo kuwa gramu, itabidi kwanza ujenge duka zima la Mangi, pamoja na nondo, droo na deni la sukari, ndipo umwombe azidishe kwa 1,000. Atakujibu bila kuinua kichwa: “Subiri kidogo, kaka. Bado naulizia Mbauda.”