Sifa za F

Paka ametungiwa mashairi na chai imesifiwa hadi basi. Herufi F bado. Hata mtihani wa KCSE, pamoja na ukali wake wote, humshusha mtahiniwa hadi E na kumwacha hapo. Lakini ndani ya lugha ya programu ya Python F ina ajira: tangu mwaka 2001, unittest, zana ya majaribio ya Steve Purcell, ilipoingizwa kwenye toleo la 2.1, kazi yake ni kuumbua watu kila jaribio linapoanguka.

Tuseme kijana wa Kathiani anakiandikia chama cha ushirika programu ya kupimia kahawa. Wamekubaliana nusu kilo ihesabiwe kuwa kilo nzima, naye ametumia round() ndani ya fanksheni yake, kadiria(). Anaijaribu kwa 13.5, anapata 14, anatabasamu. Kisha, kwa bahati njema, anafungua faili test_kilo.py na kuandika jaribio la mstari mmoja: assertEqual(kadiria(12.5), 13). Anaamuru python -m unittest.

F. Na chini yake: AssertionError: 12 != 13.

Kumbe Python 3 ikikuta nusu kamili hukimbilia namba shufwa iliyo karibu. Mkulima wa kilo 13.5 anaongezewa nusu, jirani yake wa 12.5 anapunjwa nusu, na wote walipanga foleni moja.

Nani mwingine angesema? Karani? F haipokei chai, haijali mradi ni wa mtoto wa nani, wala haingoji mkutano mkuu wa wanachama. Nukta, ile alama ya jaribio lililofaulu, ndiyo ya kuogopwa. Sahau kuanza jina la jaribio kwa test na litarukwa kimyakimya, huku nukta za mengine zikikutuliza. Kabla ya Python 3.12, faili lisilo na jaribio hata moja liliambiwa OK!

Mtaalamu wa programu Kent Beck na wenzake hushauri F itafutwe kwa makusudi: andika jaribio kwanza, ulione likianguka, ndipo uandike fanksheni. (Ukiita fanksheni ambayo haipo kabisa utapata E, maana programu imevunjika njiani kabla ya kutoa jibu. E ni ajali. F ni hukumu.)

Kijana akiiondoa round() na kuweka ROUND_HALF_UP ya moduli ya decimal, F itaondoka bila hata kuaga, na nukta itakuja kupokea pongezi zote.