Mikono Juu, Ssalongo

Mtu anayefanya kazi Nakivubo hana haja ya kulipa hela ili aogopeshwe. Huogopeshwa bure, tangu alfajiri. Akivuka kutoka Paki ya Zamani ya taksi kwenda Soko la Owino, bodaboda humpitia mbele na nyuma, na zisipopata nafasi humfuata hadi kwenye njia ya miguu. Akigeuka anakutana na mchukuzi mwenye belo la mitumba kichwani, asiyeweza kuona mbele wala kusimama ghafla, na ambaye onyo lake hufika pamoja na belo lenyewe. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya vilima vya Kampala hukumbuka kwamba njia yao ya kwenda Ziwa Viktoria ni mfereji wa Nakivubo, na wakati mwingine huona mfereji hautoshi, yakapitia vibandani. Mimi huuza viatu vya mtumba. Nimeshuhudia raba ya kushoto ikielea kuelekea Port Bell, ya kulia ikabaki mkononi mwangu, na mteja hapo hapo akaniuliza nitampunguzia kiasi gani.

Kwa hiyo mapacha wangu, Babirye na Kato, walipokuja na habari kwamba katika msitu wa Mabira watu hulipa wafungwe mikanda, watundikwe kwenye waya na kuachiwa wateleze angani kutoka mti hadi mti, niliwaambia wasubiri msimu wa mvua, nitawapeleka mferejini bila kiingilio. Mama yao hakucheka. Likizo ilikuwa imeanza, wenzao darasani walikuwa wameshakwenda, na picha zilikuwa zimeshaonekana. Nikasalimu amri. Ndipo Nnalongo, ndivyo mama wa mapacha aitwavyo Buganda, kama mimi baba yao niitwavyo Ssalongo, akaongeza huku akitazama pembeni: "Na Mama pia atakuja."

Hapo ndipo safari ilipokuwa ngumu.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu mama mkwe hubusiwa mkono, na akikupenda hukukalisha kando yake akakulisha huku akikuhoji unaingiza kiasi gani kwa mwezi. Buganda ni mambo mengine. Mwanamume na mama wa mkewe hawagusani, hawaketi bega kwa bega, hawali pamoja, na walioshika mila barabara hawatazamani usoni. Anayevunja mwiko huo hupatwa na obuko: mikono inatetemeka, shingo inatetemeka, na hata madaktari wa hospitali ya Mulago hawatagundua ana ugonjwa gani. Vijana wengi wa Kampala siku hizi hukumbatiana na wakwe zao harusini mbele ya kamera. Mkwe wangu hayumo katika orodha hiyo. Ametoka Masaka, ana gomesi, lile vazi refu la wanawake wa Kiganda, kwa kila jambo, na tangu nimwoe bintiye alikuwa hajanisemesha hata neno moja. Maneno yake hunifikia kupitia watoto.

"Babirye, mwulize baba yako kama ameshiba."

Mimi nipo hatua chache kutoka hapo, nimesikia, na nimeshiba. Lakini lazima Babirye aje aniulize, nimjibu, naye apeleke jibu. Mtoto yuko darasa la nne na ameshaanza kudai peremende kwa kila ujumbe.

Sasa chukua familia ya namna hiyo uitie ndani ya taksi. Taksi ya Kampala, ile nyeupe yenye miraba ya buluu, ina leseni ya kubeba abiria 14, nao hubanana hivi kwamba ukiwashwa goti huna hakika ni la nani. Tulipanga vizuri. Mama mkwe mbele, dirishani, Kato akiwa ukuta kati yake na dereva. Mimi kiti cha nyuma kabisa. Gari lilionekana karibu kujaa, mkwe akafurahi kwamba tutaondoka upesi.

Kila anayeijua paki anajua kwamba abiria wa mwanzo si abiria. Ni vijana wanaolipwa wakae, ili wewe upite uone watu, uamini safari iko tayari. Akiingia abiria wa kweli, wa bandia mmoja anashuka. Mkwe wangu, akiwa mbele, alianza kusikia watu wakiteremka mmoja mmoja bila kusema kitu. Akainama kwa Kato.

"Mwulize baba yako watu hawa wanakimbia nini."

Ujumbe ulinifikia nyuma umepita midomo ya watu wanne, na kila mmoja alikuwa ameuongezea wasiwasi wake. Mzee mmoja akakumbatia mkoba wake. Mama mwenye kuku akataka arudishiwe nauli ambayo alikuwa bado hajalipa.

Konda naye akaamua kupanga upya. "Ssalongo, wewe una miguu mirefu. Njoo mbele ukae na jjajja, bibi huyu, mtoto apakatwe." Nikakataa. Akasisitiza. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba yule ni mama wa mke wangu. Sauti ya chini haipo ndani ya taksi. Abiria wote walimgeukia konda kana kwamba ameiba: hajui? Hana wazazi? Anataka kumwua mtu kwa obuko asubuhi yote hii? Konda alitweta, akanipa kiti chake mwenyewe, kile cha kukunja kando ya mlango, yeye akasimama ameinama. Hivyo ndivyo nilivyosafiri kwenda Lugazi, mji ulio karibu na msitu, nikiwa mfunguaji mlango. Kabla ya Mukono mama mmoja aliniwekea nauli kiganjani, akashuka, akadai chenji. Nilimpa kutoka mfukoni mwangu ili tuendelee.

Tulipofika Namawojjolo, pale wachuuzi wenye makoti wanapolivamia gari kabla halijasimama, kuku wa vijitini, ndizi za gonja na maini viliingia kwa pamoja kupitia mlango wangu. Mkwe aliagiza kuku, kupitia Kato. Nikanunua, nikanyoosha kijiti mbele. Hakuna aliyekipokea. Mkono wa mkwe ulibaki pajani. Kijiti kikarudi nyuma kwa Nnalongo, kikapita kwake, ndipo kikaenda mbele na kuliwa. Mzee mwenye mkoba alitoa maoni kwamba kijiti si mkono, na kwa hiyo hapakuwa na kosa. Mama mwenye kuku alipinga: kijiti ni mkono uliorefushwa. Gari liligawanyika pande mbili mpaka Lugazi. Sikujua kwamba kesi ile ingenirudia kabla ya jioni.

Kutoka Lugazi tulichukua bodaboda, tukapita kwenye mashamba ya miwa. Kisha miwa ikakatika, miti ikaanza, na hata dereva wangu wa boda akapunguza makelele. Mabira una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 300, na ni msitu wa hifadhi tangu 1932. Ndani yake kuna aina zaidi ya 300 za miti, na ndege wa kumtosha mtu anayependa kuhesabu. Upande wa Griffin Falls, kwenye mto Musamya, ndiko kambi inayoendeshwa na wanakijiji iliko, na ndiko nyaya zinakopita juu ya vilele vya miti.

Mwongozaji alianza historia yake: jinsi mwaka 2007 serikali ilivyotaka kutoa hekta zipatazo 7,100 za msitu huu zilimwe miwa, jinsi watu walivyoandamana Kampala mwezi wa Aprili, na jinsi wengine walivyopoteza maisha siku hiyo. Hakumaliza. Mkwe wangu alimalizia mwenyewe. Mwaka ule watu waliisusia sukari ya kampuni iliyokuwa ipewe msitu. Mpango uliposimamishwa, walio wengi walirudia vikombe vyao. Yeye hakurudia. Anakunywa chai kavu mpaka leo, na alimweleza mwongozaji kwamba kila mti anaouona pale umo ndani ya kikombe chake. Kijana wa watu aliitikia kwa adabu, akaanza kumwuliza yeye njia.

Tukaingia msituni kuelekea kwenye nyaya. Mbele mwongozaji, Nnalongo na watoto. Katikati mimi. Nyuma kabisa, kwa umbali wa heshima, mama mkwe na mwavuli wake mrefu wenye mpini uliopinda. Nilikuwa nimevaa raba nilizojichagulia mwenyewe kutoka belo la daraja la kwanza, safi, za Ulaya, soli yake imetengenezwa kwa sakafu ya ukumbi wa mazoezi. Tope la Mabira halikuzitambua. Kijito kidogo kilikata njia. Wenzangu waliruka wakaendelea, kwa kuwa mbele walikuwa wameona kima wenye mikia myekundu. Niliporuka mimi, mguu wa mbele ulifika, wa nyuma ukabadilisha mawazo, na nikajikuta ndani ya shimo la matope hadi magotini. Kila nikivuta mguu, raba inabaki. Nikiiinamia raba, ninazama.

Mkwe wangu alifika ukingoni akasimama.

"Babirye!" akaita. Msitu ukajibu kwa ndege. "Kato!" Ndege wakanyamaza. Hapakuwa na mtoto, hapakuwa na konda, hapakuwa na abiria wa kupitisha neno. Nilitazama majani ili nisimtazame yeye. Yeye alitazama mwavuli.

Hapa inafaa msomaji ajue kwamba mkwe wangu anajua Kiswahili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni, lakini yeye alikuwa ameshahitimu zamani. Alisomea kwenye vizuizi vya barabarani vya miaka ya 1970, na walimu wake walikuwa wanajeshi wenye bunduki. Kiswahili chake hakina salamu, hakina methali, hakina tafadhali. Kina amri peke yake.

"Wewe!" akanguruma. "Simama!"

Nilikuwa nimesimama, hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

"Mikono juu!"

Ikaenda juu yenyewe. Na ndani ya mikono hiyo ukatua mpini wa mwavuli.

"Toka! Haraka! Haraka!"

Alivuta. Bibi mwenye umri wake, ndani ya gomesi, alinivuta hadi nikatoka, raba moja mguuni na nyingine nimeing'ata kwa vidole vya mguu. Kisha akauachia mwavuli kabla sijausogelea upande wake, akageuza uso, akasubiri nitangulie. Hatukuambiana kitu. Wenzetu walipouliza nimepatwa na nini, nilisema nimeteleza. Ilikuwa kweli tupu.

Kwenye nyaya mkwe alionyeshwa mikanda. Ile mikanda hupita kiunoni na mapajani, na gomesi halikushonwa kwa ajili hiyo. Aliitazama, akamtazama kijana aliyeishika, akasema: "Babirye, mwulize huyu kama ana mama." Akatafutiwa benchi chini ya mti.

Watoto waliruka wakipiga kelele za furaha. Nnalongo aliruka bila kelele, amefumba macho, anasali kwa lugha tatu. Mimi niliruka kwa sababu nilikuwa nimeshalipa. Juu ya mto nilisikia roda ikilia kwenye waya juu ya kichwa changu, na miguuni raba moja ikitiririsha tope kwa wale walio chini. Nilipopokewa mwisho wa waya, nilishindwa kufungua hata kifungo cha kofia. Mikono ilikuwa ikitetemeka, na magoti yakaitikia.

Sauti ikapanda kutoka benchini: "Kato! Itazame mikono ya baba yako."

Baraza likaitishwa chini ya mti. Mkwe alieleza habari ya mwavuli, kwa uaminifu, bila kujipendelea. Mwongozaji, ambaye ni mtoto wa kijiji na analijua jambo hili vizuri kuliko nyaya, alivua kofia akakaa. Nnalongo alisema ni woga, hakuna zaidi. Kato alisema mpini ni wa plastiki, na wamefundishwa shuleni kwamba plastiki haipitishi umeme. Mwongozaji akauliza kama mwavuli ulikuwa umelowa. Ulikuwa umelowa. Kato akanyamaza. Nikataja rufaa ya kijiti cha kuku, lakini nilikuwa mshitakiwa na hakuna aliyenisikiliza.

Ndipo Babirye, aliyekuwa ameona biashara yake ya peremende inaingia hatarini, akauliza: "Lakini Jjajja, ulimsemesha?"

Kimya. Mkwe wangu aliikunja mikono ya gomesi lake.

"Kile kilikuwa Kiswahili," akasema. "Kiswahili si kumsemesha mtu. Ni kumwamuru."

Hoja ikakubaliwa na wote. Mwongozaji alitoa ushahidi kwamba karibu kila anayeruka kwa mara ya kwanza hutetemeka, na si wote walioguswa na wakwe zao. Hukumu ikatoka: mimi ni mzima, mwavuli umechafuka na sasa ni wangu, mkwe anunuliwe mwingine, mweusi, wenye mpini wa mti, na gomesi jipya juu yake, kwa ajili ya mshtuko. Nilitaka kuuliza ni mshtuko wa nani, lakini hapakuwa na mtoto aliye tayari kubeba swali hilo kwa bei niliyokuwa nayo.

Nimefikiri sana jambo hili nikiwa kibandani kwangu. Waya wa Mabira una mikanda, kofia, glavu na kijana wa kukudaka upande wa pili. Mtoto wa darasa la nne anauweza. Ukwe hauna hata kofia. Kati ya michezo hiyo miwili, wa kulipia si ule wa waya.

Nawe unayepanga kwenda: panda taksi ya Lugazi Paki ya Zamani asubuhi mapema, beba chenji, na vaa viatu vya tope, ambavyo ninavyo. Kama mkwe yumo safarini, mnunulie kwanza mwavuli mrefu wenye mpini uliopinda. Madukani Kikuubo, mjini Kampala, wanauza kwa bei ya jumla.