Sifa za Barakoa Isiyodanganywa na Mizani

Miongoni mwa vyombo vilivyotukanwa bila haki, mashine ya CPAP, yaani kifaa kinachosukuma hewa yenye shinikizo lisilokatika kupitia mpira na barakoa ya puani ili koo lisizibe usingizini, inastahili kutangulizwa, kwa kuwa huchukiwa zaidi na wale wale inaowalinda. Nasaba yake si ya kujivunia: Colin Sullivan, daktari wa Sydney aliyeijaribu kwa mgonjwa mwaka 1980 na kutangaza matokeo mwaka uliofuata, alianza na mota ya kufyonza vumbi iliyofanywa ipulize.

Fadhila zake hudhihirika hasa baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, ambao humwachia mtu tumbo dogo la chakula ili ashibe upesi. Katika siku za mwanzo, masalia ya nusukaputi na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni hulegeza koo na kuuzubaisha ubongo usimwamshe aliyekatikiwa na pumzi, na hapo ndipo mashine hukesha. Madaktari waliwahi kuhofu kwamba hewa yake ingefumua mishono ya tumbo. Tafiti hazikuthibitisha hofu hiyo, nayo mashine, kwa uungwana wake, haikudai fidia ya kuchafuliwa jina.

Miezi ikipita, nguo zikipwaya na pongezi zikimiminika, mwenye mwili mpya huona aibu kulala na mpira usoni. Hata kero za mashine wakati huo ni hisani. Barakoa inayovujisha hewa kwa mluzi hutangaza, kabla ya fundi cherehani, kwamba mashavu yamepungua. Na shinikizo lililopangwa kwa ajili ya mwili wa zamani, likizidi, humjaza hewa tumboni akaamka akibeua, jambo linalofaa sana kumpunguzia majivuno mtu anayesifiwa mchana kutwa, ingawa tiba yake ni kumwendea daktari ili shinikizo lirekebishwe.

Sifa yake kuu, hata hivyo, ni kutojua kubembeleza. Ukali wa maradhi ya kukatikiwa na pumzi usingizini hupimwa kwa kuhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi husimama au hupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi: kwa mtu mzima, chini ya 5 ni kawaida, na 30 kwenda juu ni hali kali. Aliyeshuka kutoka 60 hadi 20 amepata nafuu kubwa, lakini bado ni mgonjwa, kwa kuwa umbo la taya na umri havikukatwa pamoja na tumbo. Wengi hubaki katika hali hiyo, huku kukoroma kumepungua na jamaa wote wakidhani mambo yamekwisha. Mizani haioni koo. Kipimo cha usingizi kinachorudiwa baada ya uzito kutulia, kikisomwa na daktari, ndicho pekee chenye haki ya kuiandikia mashine talaka.