Ukwaju wa Moto

Mita ya LUKU ilianza kulia saa nane usiku. Aliyewahi kupanga Buguruni anaijua sauti ile: pii, pii, pii, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake, na kila mpangaji anajifanya kalala ili mwenzake aamke kununua uniti. Usiku ule hakuna aliyejifanya. Ulifunguka mlango wa kwanza, ukafuata wa pili, na ulipofunguka wa tatu nikajua kesi imefika kwangu. Ni mimi niliyeingiza ndani ya friza sufuria ya ukwaju uliotoka kuchemka.

Niseme mapema kwamba ukwaju haukuwa kosa la kwanza. Mimi nina ugonjwa wa "kwa nini". Wenzangu waliupata utotoni wakapona walipoanza shule. Wangu ukawa sugu. Nikikuta jambo la ajabu silali mpaka nijue limekaaje, na nikishajua silali mpaka nimempata wa kumwambia. Mke wangu anasema afadhali ningekuwa mlevi, maana baa hufungwa.

Kuna ile ya chungwa. Binti yetu alirudi kutoka shule analia, daftari limepigwa kosa kwa wino mwekundu. Walikuwa wanapaka rangi matunda. Ndizi aliipaka njano, akapata vema. Chungwa alilipaka kijani. "Mwalimu kasema chungwa lina rangi ya chungwa, baba." Nikamshika mkono tukaenda sokoni. Soko la Buguruni siku hiyo lilikuwa limeelemewa na mzigo wa Muheza, tenga juu ya tenga, machungwa kijani kama jezi ya Yanga. Tulitafuta lenye rangi ya chungwa hatukuliona, ila moja tu, nalo lilikuwa limeanza kuoza.

Basi sababu yake ni hii. Ganda la chungwa lina klorofili, ule ukijani ulio kwenye majani. Kwenye nchi kama Hispania machungwa huiva wakati usiku umeanza kuwa na baridi, na baridi ndiyo inayoiondoa klorofili ganda likabaki na rangi iliyokuwa imefunikwa chini yake. Huku kwetu pwani usiku unajijua wenyewe: unalala na feni na bado shuka linaloa. Chungwa linaiva, linajaa sukari, na koti lake la kijani halivui. Huko nje hata yakiwa yameiva, yakiwa kijani wateja hawayataki, kwa hiyo wafanyabiashara huyafungia chumbani na kuyapulizia gesi ya ethilini mpaka yabadilike ganda. Utamu hauongezeki hata tone. Kwa maneno mengine, sisi tumeipa rangi jina la tunda ambalo kwetu hapa halina rangi hiyo, kisha tunawakosesha watoto mtihani.

Nilifika shuleni asubuhi na machungwa matatu kwenye mfuko, nikatoa mhadhara. Mwalimu, mama mmoja mpole, alinisikiliza mpaka mwisho, akamenya moja, akala. "Tamu," akasema. "Lakini sisi tunasahihisha kwa kitabu, baba." Kosa likabaki palepale, machungwa mawili yakabaki kwake, na mimi nikachelewa kazini nikakatwa nusu siku.

Ya pilipili nitaipitia haraka kwa sababu bado inaniuma. Mke wangu alikuwa ameanika mchele uani, umeingia fukusi, na kuku wa bibi mwenye nyumba wakauona. Nikaona dawa ni kuunyunyizia pilipili kichaa ya unga. Nilisambaza kwa moyo mkunjufu. Kuku wakaja, wakadonoa, wakaitana. Wale kuku walikula mchele ule kama pilau ya harusi, na mimi nikiwashangaa nikajipangusa jasho machoni kwa mkono uleule. Kumbe ndege hawaisikii pilipili. Kile kinachochoma, kapsaisini, si ladha. Kinabisha hodi kwenye mishipa ya fahamu inayotupa habari ya moto, na mwili unaamini kabisa kwamba unaungua. Mlango huo wa moto uligunduliwa mwaka 1997 na David Julius na wenzake huko California, na mwaka 2021 ukampatia Julius Tuzo ya Nobel. Kwa ndege mlango huo upo, ila pilipili haiwezi kuufungua. Mpilipili umepanga hivyo, na umepanga vizuri: ndege humeza mbegu nzima na kwenda kuiangusha mbali ikaote, lakini sisi wenye magego tunaisaga. Mchele uliobaki tuliuosha maji saba. Wali wake uliwaliza watoto wote, kila mmoja akililia maji, na maji hayasaidii kitu maana kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta. Yanayosaidia ni maziwa. Hayo niliyajua kesho yake.

Sasa ukwaju.

Mke wangu anauza barafu, zile za kwenye vifuko, za ukwaju na za ubuyu. Wateja wake wakubwa ni wanafunzi wanaotoka shule saa sita na nusu mchana, na mtoto wa darasa la pili hana subira: barafu ikiwa bado uji, anavuka barabara kwa mwingine. Friza yenyewe tuliinunua mkononi kwa mtu, na tunaigawana na mpangaji wa chumba cha mbele, dada mmoja anayekaanga vibua. Upande wa kulia vibua, upande wa kushoto barafu, katikati mpaka wa kadi ya boksi ambao nimewahi kushuhudia ukigombewa kwa matusi. Utaratibu ni kuchemsha ukwaju mchana, kuuacha upoe mpaka jioni, kuufunga na kuuingiza. Siku hiyo tulikuwa msibani Tandika. Tumerudi saa nne usiku, ukwaju ukachemka saa tano, na mke wangu ameshika kiuno anauangalia unavyotoa moshi.

Nikamwambia, "Uweke hivyohivyo. Wa moto unaganda haraka kuliko wa baridi."

Akaniangalia kama anayesikia mchawi akisoma dua.

Lakini sikuwa nimelitoa kichwani. Limetoka kwa kijana wa Kitanzania, na dunia nzima inaliita kwa jina lake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanajitengenezea aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, wanayaweka kwenye friza ya shule. Nafasi zilikuwa chache, na anayechelewa hali. Siku moja Mpemba anachemsha maziwa yake, mwenzake akaona ataikosa nafasi, akachanganya maziwa mabichi na sukari na kukimbilia friza. Mpemba akapiga hesabu kwamba akisubiri yapoe hatapata mahali, akayatumbukiza ya moto. Baada ya saa moja na nusu wakaenda kuangalia. Ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado mazito tu.

Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akakutana na rafiki yake anayeuza aiskrimu Tanga mjini, naye akamwambia wao huweka ya moto siku zote kwa kuwa huwahi kuganda. Hapa ndipo ninapompendea: wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa nalo mkononi, linawaingizia senti, na hakuna aliyeona haja ya kuliandika. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Ikawa wimbo wa darasa. Akikosea hesabu, hiyo ni hesabu ya Mpemba. Ila akaja mgeni, Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akanyanyua mkono na kuuliza palepale mbele ya waliokuwa wakimcheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar akampa fundi wa maabara kazi ya kujaribu, na fundi akaleta taarifa kwamba kweli ya moto yametangulia kuganda, lakini asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka yapatikane majibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala yao katika jarida la Physics Education.

Yote haya nilimweleza mke wangu saa tano na robo usiku huku ukwaju ukitoa moshi. Akasema, "Haya, Mpemba. Weka." Akaenda kulala.

Nikaweka sufuria nzima, lita kumi. Vifuko vingeyeyuka, nikaona nitavifunga alfajiri ukishaanza kushika. Kosa langu lilikuwa humo. Kilo moja ya maji, ili igande tu ikiwa tayari imefika nyuzi sifuri, inakutaka uiondolee joto sawa na la kuipoza kutoka nyuzi 80 hadi sifuri. Zidisha kwa kumi, ongeza la kuutoa ukwaju kwenye kuchemka, halafu mwite mtu mwenye friza ya mkononi mwa mtu akubebee. Ilinguruma kama lori la mchanga linalopanda kilima, ikameza uniti zote za nyumba ya wapangaji sita, na saa nane mita ikalia.

Nilipofunua mfuniko mvuke ulinipiga usoni. Vibua vilikuwa vimelegea. Mpaka wa boksi ulikuwa umelowa na kulala chini. Ukwaju haukuwa umeganda hata pembeni, ila ulikuwa umepata harufu mpya.

Dada wa chumba cha mbele hakupiga kelele, na hilo ndilo lilinitisha. Alisema tu, "Shemeji, hivi vibua umevinunua." Kesho yake nyumba nzima tulikula vibua asubuhi, mchana na jioni, na kunguru wa Buguruni nzima walikaa juu ya bati wakitusimamia. Watoto wa shule walionja barafu za siku ile mara moja. Mmoja akauliza kama kuna ya pweza.

Mwenye duka la pembeni, Mpemba wa Pemba hasa, alifurahi sana aliposikia jina. "Huyo wetu, bwana!" Nikamweleza kwamba ni jina tu, kijana alisoma Lushoto. "Kusoma kasoma huko," akasema, "akili kaitoa kwetu." Akanikopesha uniti za elfu kumi kwa heshima ya ukoo.

Asiye na ugonjwa wangu angeona hapo ndipo pa kunyamaza. Mimi nilipanda daladala kwenda Kariakoo kutafuta kipimajoto. Jina la Kariakoo lenyewe ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lililopita kwenye ndimi za wenyeji likatoka hivyo. Na mpaka leo ukizubaa pale kusikiliza historia unagongwa na mkokoteni. Niligongwa. Kipimajoto nilichouziwa kilikuwa cha kwapani. Nilipokitia kwenye chai kiliandika herufi H, kikazima, hakikurudi tena.

Nikajaribu bila kipimo, vikombe viwili sawasawa, kimoja maji ya moto, kimoja ya bomba. Siku ya kwanza ya bomba yalitangulia. Siku ya pili yakatangulia ya moto, nikapiga ukelele mpaka bibi mwenye nyumba akatoka na fimbo akidhani ni mwizi. Kumbe chini ya friza palikuwa na theluji nene, kikombe cha moto kikaiyeyusha kikazama mpaka kwenye bati lenye baridi kali, na cha bomba kikabaki kimekalia theluji kama mtu aliyekalia godoro. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Nyingine ni mvuke unaopunguza maji, hewa inayotoka kwenye maji yanapochemka, na jinsi maji yanavyojizungusha ndani ya chombo. Mwaka 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza kiliahidi pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora, wakajitokeza watu zaidi ya 22,000. Na mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya kwa uangalifu wakasema hawakuona ushahidi kwamba jambo lenyewe lipo; ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu, majibu yanageuka. Wengine wanaendelea kubishana nao. Mimi niko upande wa Mpemba, kwa sababu moja: wale waliopima walikuwa na maabara na muda. Yeye alikuwa anagombea nafasi kwenye friza, na mtu anayegombea nafasi huona mambo ambayo mwenye nafasi hayaoni.

Mke wangu amebandika karatasi juu ya mfuniko. Imeandikwa kwa kalamu nene: KITU CHA MOTO MARUFUKU. Chini yake, kwa herufi ndogo: hasa baba.

Barafu zinapatikana kila siku kuanzia saa sita mchana, ukwaju na ubuyu. Ukipita kununua, tafadhali usimuulize kwa nini zimepanda kutoka shilingi 100 hadi 200.