Kompyuta Inayoamka Saa Tisa Usiku

Kompyuta yangu ya mezani ina bidii ya mlinzi aliyeajiriwa jana. Umeme ukikatika inalala. Ukirudi inawaka yenyewe, hata kama ni saa tisa usiku. Feni inaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga, taa zake za buluu zinapaka kuta zote, na meza yenyewe iko hatua tatu tu kutoka kitandani. Usiku wa nne mfululizo mwenzangu alikaa kitako, akasema bila kufumbua macho: "Kesho hicho kitu kikalale kwa mama yako."

Asubuhi nikampigia fundi. Akacheka. Kumbe ndani ya baiosi kuna mpangilio unaoiambia mashine ifanye nini umeme ukirudi: iwake, ibaki imezimwa, au irudie hali iliyokuwa nayo. "Iwashe, gonga Delete harakaharaka, utaingia. Una skrini ngapi, bosi?"

"Moja," nikajibu, kwa sauti ya mtu anayejua mali zake.

Kwa asiyeijua, baiosi ndiyo programu inayoamka kabla ya zote. Inakaa kwenye chipu iliyo juu ya ubao mkuu, inakagua memori, kibodi na diski, kisha inaikabidhi mashine kwa Windows na kwenda zake. Mlango wake uko wazi kwa sekunde chache. Ukichelewa kubisha hodi, shauri yako.

Nikabisha. Niligonga Delete kama natwanga karanga. Ikaja Windows. Nikajaribu F2, ikaja Windows. F10, F12, Esc, na mwisho viganja viwili juu ya kibodi yote. Windows, na kunikaribisha ikanikaribisha.

Kijana wa jirani, mwanafunzi wa chuo, akaangalia kibodi yangu isiyo na waya na kunionea huruma. "Shikamoo mzee. Hii ya kwako inachelewa kuamka. Mkono unafika mlangoni wakati mwenye nyumba ameshaondoka." Akaniazima yenye waya. Nikagonga Delete, na kweli mambo yakabadilika: giza. Si Windows, si chochote. Televisheni ikatangaza kwamba haipati mawimbi. Naam, skrini yangu ni televisheni ya inchi 32. Niliiunganisha mwaka jana macho yalipoanza kudai herufi kubwa. Nikasubiri dakika mbili, nikaamini nimeiua, nikashikilia swichi mpaka ikazima. Nikarudia. Giza. Mara tano.

Kijana akaleta ujuzi mwingine. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, akasema, ukizima kompyuta si lazima izime kabisa. Huweka kiporo kwenye diski ili kesho iwake upesi. Dawa ni kushikilia Shift huku unaiwasha upya; inakuja menyu, na ndani yake njia ya moja kwa moja ya kwenda baiosi, bila kugombana na sekunde. Tukaichagua kwa heshima zote.

Giza.

Ikabaki betri, ile ya volti 3, bapa kama sarafu, inayolinda saa na kumbukumbu ya mipangilio. Nikafungua boksi, nikawaomba mende radhi, nikaitoa kwa dakika kumi, nikairudisha. Safari hii giza lilikuja hata kabla sijagusa kitufe. Kijana akakumbuka ana mtihani.

Jioni tulitarajia wageni, mwenzangu akakusanya vitambaa vya kufuma ili avifue. Kimoja kilifunika monita yangu ya zamani, ile yenye chogo, ambayo mwaka mzima ilikuwa imebeba picha ya harusi na chaja tatu. Mwanangu wa miaka sita, ambaye hajawahi kuona kitufe akakiacha, akakibonyeza. Chogo likalia "nnng", likapata moto taratibu, na maandishi yakajitokeza: saa yangu imepotea, naombwa nibonyeze F1 niendelee. Nilikuwa nikiombwa hivyo tangu mchana.

Waya wake sikuwahi kuuchomoa. Windows ndiyo niliyoiambia itumie televisheni. Baiosi haikuambiwa kitu, ikaendelea kuzungumza na skrini iliyoizoea. Kwa hiyo giza lile lote lilikuwa ushindi. Niliingia, nikafunguliwa mlango, nikawekewa kiti, nami kila mara nikamzimia mwenyeji taa na kuondoka.

Nikarekebisha saa, nikachagua ibaki imezimwa, nikahifadhi kwa F10.

Usiku ule umeme ulirudi saa tisa kasoro. Kimya. Mwenzangu akashtuka usingizini. "Imekufa?"

Asubuhi fundi akapiga kuulizia tatizo lilikuwa nini.

"Betri," nikamwambia.