Barua ya Wazi kwa Madalali wa Nyumba: Ombi la Daftari la Silsila za Wateja

Kwa Jamaa Watukufu wa Udalali wa Nyumba na Viwanja,
Popote mlipoketi, chini ya mwembe au kwenye ngazi za duka la mtu,
Dar es Salaam.



Mimi niandikaye waraka huu ni mmoja katika warithi wa nyumba ya Magomeni, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na ua ambamo hadi leo umesimama mpera alioupanda marehemu baba yetu, nyumba ambayo, baada ya shauri na machozi na shauri tena, jamaa tuliafikiana iuzwe ili kila mwenye haki aipate haki yake. Ilipata shilingi milioni 120, na tunamshukuru Mola. Nawaandikia kwa kuwa tangu mnunuzi alipotia sahihi nimejaliwa kujua, kwa ihsani yenu, kwamba warithi wa baba yangu ni wengi kuliko tulivyodhani siku tulipomzika.

Mnunuzi ni jirani yetu. Milango yetu inatazamana. Amekula pilau ya harusi za dada zangu, na bega lake ni miongoni mwa mabega yaliyobeba jeneza la baba. Habari ya kuuzwa kwa nyumba aliipata kinywani mwangu, barazani, baada ya sala ya alfajiri. Hata hivyo fedha hazijapoa, akanijia mmoja wenu, kijana mtanashati mwenye simu mbili, akaniarifu kwa upole kwamba yule jirani ni mteja wake, kwa hoja kwamba siku moja alikuja na watu kuitazama nyumba, na jirani, akiwa amesimama mlangoni pake, alimwuliza bei. Kwa swali hilo moja lililovuka barabara alidai asilimia 10. Kabla sijamaliza kustaajabu akatokea wa pili, ambaye hoja yake ilikuwa nyepesi zaidi: yeye ndiye aliyempa wa kwanza habari ya nyumba yetu, na kwa hiyo asilimia 10 na yeye.

Yule wa kwanza namkumbuka vema. Alipoleta watu wake alikuwa akigonga kuta kwa kifundo cha kidole mithili ya tabibu anayepima kifua, akaingia chumbani kwa mama bila hodi, akapiga picha kitanda, kabati, na kanga zilizoanikwa uani, na alipotoka akapokea kwa wale aliowaleta shilingi 20,000, akiziita hela ya usumbufu. Sisi tuliosumbuliwa hatukupata hata senti.

Basi, maadamu ugomvi wote huu hutoka katika swali moja tu, yaani mteja huyu ni wa nani, naleta mbele yenu ombi ambalo nimelifikiri kwa makini na kwa mapenzi makubwa kwa kazi yenu: anzisheni Daftari la Silsila za Wateja. Kama vile koo kubwa za pwani zilivyohifadhi nasaba zao tangu babu wa kwanza aliyeshuka jahazini, kila mwanadamu anayeweza siku moja kununua nyumba katika mji huu na awe na silsila yake, iliyoandikwa kwa wino mweusi na kuhifadhiwa sandukuni, ikieleza amepokewa na dalali yupi kutoka kwa nani. Natamani kuisikia ikisomwa kwa sauti mbele ya mashahidi: mteja huyu kapokewa na dalali wa Mwembechai, kutoka kwa kijana wa bodaboda wa Usalama, kutoka kwa muuza kahawa, naye alimsikia mtu akisema ndani ya daladala kwamba shemeji yake amelipwa kiinua mgongo. Hapo liketi baraza la wazee wenu wenye elimu, wachunguze: je, yule muuza kahawa alikuwa macho au amesinzia? Je, daladala ilikuwa imejaa hata maneno yakaweza kuchanganyika na ya kondakta? Silsila ikithibiti iitwe sahihi. Na ile ambayo dalali alimwona mteja mgongo tu, akiwa anakata kona, iitwe dhaifu, lakini isitupwe, maana hata mgongo una thamani yake.

Na watoto wachanga wasisahauliwe. Ingefaa mkunga, akisha kuandika jina la baba na la mama, aandike na la dalali, ili mtoto akue akijua ni mteja wa nani. Wawili wakioana, madalali wao waketi kando ya mshenga, wapatane mapema juu ya nyumba ambayo maharusi hawajaota kuinunua. Na mteja akichoka na dalali wake akataka kumwacha, ampe talaka kwa maandishi, kisha akae eda ya miezi mitatu asiingie nyumba yoyote inayouzwa, hata kama amealikwa chakula, ili iyakinike kwamba hakubeba ndani yake ujira wa mtu.

Ujira nao ugawanywe kwa hesabu ya mirathi: aliyemleta apate nusu, aliyemsikia robo, aliyempungia mkono thumni, na wa mgongo sudusi. Najua mafungu hayo yakijumlishwa yatazidi ujira wenyewe. Wanazuoni wa mirathi walipokuta mafungu yamezidi mali, walipunguza kila fungu kwa kadiri yake, wakaliita jambo hilo auli. Madhehebu yenu yana huruma zaidi kwenu: fungu halipunguzwi, ila mwenye nyumba huongeza.

Hapa mniwie radhi, maana hesabu ya mirathi tuliifanya kweli kweli. Mama yangu, mjane wa mwenye nyumba, aliyepika katika jiko lile na kuzalia katika vyumba vile, fungu lake ni thumni, yaani milioni 15. Dada zangu watatu, kila mmoja milioni 15. Na nyinyi, kwa kugonga kuta na kunywa kahawa yetu ukumbini, mwataka milioni 12 kwa huyu na 12 kwa yule! Mjane ana aibu ya kuuliza fungu lake. Dalali ana ujasiri wa kuliulizia lake kwenye benchi la benki, akilamba kidole kabla noti hazijatoka. Ni nani aliyewafundisha kwamba kuuza nyumba ya marehemu ni kufungua duka la sadaka? Kuna wanunuzi mliowatajia milioni 145 ilhali sisi tulisema 120, ili mpate cha juu chenu gizani. Wakaondoka, hawakurudi, na nyumba ikakaa bila mnunuzi huku mama akilipia umeme wa vyumba vitupu. Ujira wa kuwafukuza hao nao twapaswa kuulipa?

Narudi katika adabu. Wapo wanaosema kazi yenu haina sheria, nami huwatetea. Sheria yetu ya Mikataba ya 1961, iliyofuata kwa karibu ile ya Uhindi ya 1872, inayo sehemu nzima juu ya wakala na amtumaye, na msingi wake ni kwamba hapana mkataba pasipo ridhaa ya pande zote. Jirani zetu wa Kenya waliwatungia mawakala wa nyumba sheria yao mwaka 1984 na kuweka bodi ya kuwasajili. Waingereza, kwa sheria yao ya 1979, humlazimu wakala ataje ujira wake kabla mteja hajafungwa na mapatano. Lakini haya ni mambo ya watu wenye haraka. Sisi tuna wasaa wa kutajiana ujira baada ya nyumba kuuzwa.

Maombi yangu mengine ni madogo. Futeni namba za simu mlizoandika kwa rangi nyekundu ukutani mwetu, mnunuzi amekwisha kupaka chokaa mara mbili na bado zaonekana. Ondoeni simuni picha za kanga za mama. Mkipokea fedha, toeni stakabadhi, hata ya karatasi ya daftari. Ile asilimia 10 nyingine inayodaiwa kwenye ofisi za serikali za mitaa nyumba inapouzwa, ambayo wakubwa wa ardhi wamekwisha kuikana hadharani, msiihesabu; nitaiandikia waraka wake. Na pigeni hodi.

Ama kuhusu madai yaliyoletwa, jawabu letu ni hili. Milioni 120 zimegawanywa mbele ya mashahidi, kila mrithi ametia dole gumba au sahihi, na katika orodha hamna dalali. Mwenye kuyakinisha kwamba analo fungu, Mahakama ya Mwanzo hufunguliwa siku za kazi. Aje na karatasi yenye sahihi yangu.

Wasalaam,
Mrithi mmojawapo,
Magomeni.